Ufundi wa Kuuliza Mara Mbili

Chupa ndogo ya kioo imesimama juu ya jiko la umeme la maabara. Ndani mna kimiminika kisicho na rangi, kimechujwa hadi hakuna hata chembe ya vumbi. Moto unapandishwa polepole. Vitu vingi huyeyuka zaidi kadiri kimiminika kinavyopata moto, lakini hiki kilichomo humu kina tabia ya kinyume: joto ndilo linalokifukuza. Nyuzi zikikaribia 80 za Selsiasi, kitone cha rangi ya chungwa hujitokeza chini ya chupa. Kitone hupata pembe, pembe hupata pande, na baada ya saa chache pamekaa fuwele ya mraba, angavu, yenye kingo zilizonyooka kana kwamba zimepigwa msasa.

Njia hii ya kuotesha fuwele kwa kuongeza joto ilielezwa mwaka 2015 na Makhsud Saidaminov, Osman Bakr na wenzao katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah, huko Thuwal, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu nchini Saudi Arabia. Kabla ya hapo mtu alisubiri siku nyingi apate fuwele ya ukubwa huo. Hata hivyo, wepesi huo usimdanganye mtu. Moto ukipanda kwa pupa, chupa hujaa vijifuwele vingi visivyofaa kitu. Fundi hodari huchagua kimoja kisicho na ufa, hukihamishia kwenye myeyusho mpya wenye joto lilelile ili kisipasuke, kisha hukaa kando na kukiacha kikue. Kazi yake kubwa ni kujizuia kukigusa.

Fuwele hiyo ni perovskaiti mseto. Jina limetokana na madini ambayo Mjerumani Gustav Rose aliyaeleza mwaka 1839 kutoka Milima ya Ural, akayapa jina la Lev Perovski, mwungwana wa Urusi aliyependa mawe. Mpangilio wa atomu za madini yale ndio uliorithiwa na ukoo mzima wa vitu vinavyoitwa hivyo leo. Huitwa mseto kwa sababu ndani yake vitu vya asili mbili hukaa pamoja: vizimba vya atomu za risasi na iodini au bromini, na katikati ya kila kizimba molekuli ndogo ya kaboni, nitrojeni na hidrojeni, iitwayo methilamoniamu. Dieter Weber alizieleza perovskaiti hizi huko Stuttgart mwaka 1978, na kwa miaka 30 wachache tu walizijali. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka huko Yokohama, Japani, lilizitumia kutengeneza seli ya jua iliyogeuza asilimia 3.8 ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Leo seli za aina hiyo zimevuka asilimia 26 maabara, zikizikaribia kabisa zile za silikoni ambazo paneli zake tunaziona kila siku juu ya mapaa.

Umaarufu wa perovskaiti umetokana na umeme huo. Mimi nawastahi zaidi watu wengine wanaoishughulikia perovskaiti hiyohiyo bila kuidai umeme. Wao huimulika kwa nuru iliyoandaliwa, huiweka kati ya ncha za sumaku, na kuuliza elektroni zilizoamshwa na nuru zimeelekea upande gani, kwa muda gani, na sumaku imezisumbua vipi. Vipimo vyao ni vidogo kupita kiasi, na kitu wanachokipima hakitulii. Ufundi wao umo katika namna ya kuuliza. Kila swali huulizwa mara mbili, la pili likiwa kinyume cha la kwanza, na jibu halipokelewi mpaka lifuate mgeuko huo kama inavyopaswa.

Kwanza tuseme wanatafuta nini. Kila elektroni ina tabia iitwayo spini, inayoifanya iwe kama sumaku ndogo kupita zote, yenye mwelekeo wake. Katika kitu cha kawaida spini zimeelekea huku na huko, hivi kwamba kwa jumla hakuna upande ulioshinda. Nuru inaweza kuvunja usawa huo. Wimbi la nuru hutikisika, na mwelekeo wa mtikisiko huo ndio wanaouita polaraizesheni. Kuna nuru ambayo mtikisiko wake umenyooka kwenye mstari mmoja, na kuna ile ambayo hujisokota inaposafiri, ama kulia ama kushoto. Nuru ya msokoto hubeba mzunguko, na mzunguko haupotei hivihivi: fuwele ikiimeza nuru ya msokoto wa kulia, elektroni zinazoamka hutoka zikiwa zimeelekea upande mmoja, na ile ya msokoto wa kushoto huzielekeza upande wa pili.

Perovskaiti zenye risasi zina bahati ya pekee katika jambo hili. Kwenye galiamu asenaidi, nusu kipitishi ambacho wanafizikia wamekizoea kwa miongo mingi, mpangilio wa ngazi za nishati huruhusu nuru ya msokoto kuelekeza spini kwa kiwango kisichozidi asilimia 50. Katika perovskaiti za risasi ngazi zimepangwa kwa namna ambayo, kwa nadharia, spini zote zinaweza kuelekea upande mmoja. Chanzo ni uzito wa risasi. Kiini cha atomu yake kina protoni 82, na elektroni zinazopita karibu na kiini kizito namna hiyo hufungamanisha spini yao na mwendo wao kwa nguvu kubwa. Hapo ndipo penye mtego pia, kwa sababu mfungamano huohuo unaorahisisha kuielekeza spini ulitarajiwa kuisahaulisha mwelekeo wake upesi.

Risasi ilikuwemo tangu siku nuru na sumaku zilipokutana kwa mara ya kwanza mikononi mwa mtu. Michael Faraday, katika Taasisi ya Kifalme huko London, alikuwa ametafuta kwa zaidi ya miaka 20 dalili kwamba umeme au sumaku vinaweza kuigusa nuru. Tarehe 13 Septemba 1845 alijaribu kitu kimoja baada ya kingine, hewa, kioo, mawe angavu, bila kuona lolote. Kisha akachukua kipande cha kioo kizito chenye risasi, ambacho alikuwa amekiyeyusha mwenyewe miaka mingi nyuma alipokuwa akitafuta vioo bora vya darubini. Kilikuwa na upana wa sentimita 5 hivi na unene wa sentimita moja na kitu. Alipitisha nuru iliyonyooka ndani yake, akaweka mche mbele ya jicho lake na kuuzungusha hadi giza, kisha akawasha sumaku ya umeme. Taa ikaonekana tena. Sumaku ilikuwa imeuzungusha mtikisiko wa nuru. Akageuza mkondo wa umeme, na nuru ikazunguka upande wa pili. Mgeuko huo wa pili ndio uliomhakikishia. Mwanga uliojitokeza peke yake ungeweza kusababishwa na kioo kilichopata joto au meza iliyotikisika, lakini joto na mtikisiko havijui mkondo umeelekea wapi.

Wanaopima spini katika perovskaiti wanaufuata mzunguko huohuo wa Faraday, na sumaku yao ya kwanza ni zile elektroni zenyewe. Pigo la kwanza la leza, lenye msokoto, huamsha elektroni na kuzielekeza upande mmoja. Kwa muda mfupi mno utando mwembamba wa perovskaiti huwa sumaku dhaifu iliyoumbwa na nuru. Pigo la pili, hafifu, lenye mtikisiko ulionyooka, hufuata nyuma na kupita mahali palepale. Likizungushwa, spini bado zimepangana. Likipita bila kuzungushwa, zimeshasahau.

Muda unaopimwa hapa hesabu yake ni pikosekunde, ambayo trilioni yake moja ndiyo sekunde. Hakuna saa ya umeme inayoweza kuukata muda namna hiyo, kwa hiyo mafundi hawa hutumia umbali. Katika pikosekunde moja nuru husafiri milimita 0.3. Mapigo yote mawili hutoka kwenye leza moja. La pili hupelekwa kwenye vioo vilivyokaa juu ya reli na kurudishwa. Vioo vikisogezwa nyuma milimita 0.15, njia ya kwenda na kurudi huongezeka milimita 0.3, na pigo huchelewa pikosekunde moja kamili. Skurubu ndogo inasogeza kioo, na kwa kufanya hivyo inapima kitu kilichoishi muda mfupi kuliko chochote ambacho jicho litawahi kukiona. Reli ikipinda kidogo tu, pigo la pili halitui tena juu ya la kwanza, ishara hupungua, na asiye makini atadhani spini zimekufa. Ndiyo maana kabla ya kupima chochote fundi huendesha vioo kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho huku akitazama doa la leza mwishoni, na hurekebisha mpaka doa lisihame.

Utazame pia mwisho wa njia hiyo, mahali nuru inapopokelewa. Mzunguko unaotafutwa ni mdogo, mara nyingi sehemu ndogo sana ya digrii, ilhali leza yenyewe hupanda na kushuka nguvu kila wakati. Mafundi hupitisha pigo la pili kwenye mche unaoligawa mara mbili, mafungu mawili yenye nguvu sawa, kila fungu likaingia kwenye kipokezi chake. Umeme wa kipokezi kimoja hutolewa kwenye ule wa kingine. Leza ikipanda nguvu, mafungu yote hupanda pamoja, na tofauti hubaki sifuri. Nuru ikizungushwa hata kidogo, fungu moja hunenepa na lingine hukonda, na tofauti huonekana. Kupata sifuri ile ya mwanzo ni kazi ya vidole: kipande kimoja chembamba cha fuwele ya kwatzi huzungushwa nusu ya nusu ya digrii, sindano ya mita ikavuka sifuri, ikarudishwa, ikavuka tena, hadi itulie.

Hata sifuri hiyo haitoshi. Katika njia ya pigo la kwanza huwekwa kipande cha kioo kinachobinywa na kuvutwa mara 50,000 hivi kwa sekunde. Kikibinywa nuru hujisokota kulia, kikivutwa hujisokota kushoto. Kifaa cha kukuza ishara hufungwa kwenye mgeuko huo na kusikiliza yale tu yanayogeuka pamoja nao. Taa za chumba, joto la leza, vumbi linaloelea, vyote hivyo havijui lolote kuhusu kulia na kushoto, kwa hiyo hunyamazishwa. Swali linaulizwa kwa njia mbili, mara 50,000 kwa sekunde, na kinachobaki ni kile tu kilichogeuka kila mara.

Kuna jambo dogo la kwenye meza ambalo hutenganisha anayejua na anayejifunza. Kioo cha kawaida kilichowekwa kimshazari huiharibu nuru ya msokoto, kikaiacha ikiwa imebanwa upande mmoja. Mjuzi huiacha nuru ikiwa imenyooka safari nzima, na huisokota mwishoni kabisa, hatua ya mwisho kabla haijaigusa fuwele. Vilevile hujua kwamba dirisha la chombo cha baridi na lenzi zilizo karibu na sumaku nazo huzungusha nuru kidogo, kama kioo cha Faraday. Basi hupima kwanza bila fuwele, akaandika thamani hiyo, na kuiondoa baadaye. Fuwele yenyewe haigandishwi kwa gundi ngumu. Ikipoa, gundi huivuta, na fuwele iliyovutwa hugeuza nuru kwa sababu zisizohusiana na spini. Perovskaiti ya iodini pia hubadili mpangilio wake ikishuka chini ya kelvini 160 hivi, nayo huweza kupasuka, kwa hiyo hupozwa taratibu.

Mwaka 2015 kundi la Tze Chien Sum katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, lilitoa vipimo vya namna hii kutoka kwenye tando za perovskaiti ya iodini. Waliona nuru ikizungushwa hadi digrii 10 kwa kila maikromita ya unene, kiasi kikubwa ajabu kwa kitu kisicho sumaku. Katika kelvini 77, joto la nitrojeni kimiminika, spini za elektroni zilidumu pikosekunde 7 hivi, na zile za matundu, yaani nafasi ambazo elektroni huziacha, pikosekunde moja tu. Ilionekana risasi imefanya kama ilivyotarajiwa: imeelekeza upesi na imesahaulisha upesi. Mwaka 2017 kundi la Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, lilipima kwa uangalifu katika kelvini 4, nyuzi 269 chini ya sifuri ya Selsiasi, na kuona spini zikidumu zaidi ya nanosekunde moja, ambayo ni pikosekunde 1,000. Risasi haikuwa mharibifu kama ilivyodhaniwa. Ubora wa utando, ubaridi na nguvu ndogo ya leza viliufichua uvumilivu wa spini ambao vipimo vya kwanza havikuweza kuuona.

Utando wenyewe pia una ufundi wake. Unene wake unaweza kuwa nanomita 500 hivi, sawa na kuigawa milimita moja mara 2,000. Ndani ya sanduku la glovu lililojazwa nitrojeni, kwa kuwa unyevunyevu huuharibu, tone la myeyusho wa manjano hudondoshwa juu ya kioo kinachozungushwa maelfu ya mizunguko kwa dakika. Kabla halijakauka, fundi humwaga kimiminika cha pili kinachoikimbiza chumvi kutoka kwenye kile cha kwanza. Akiwahi sekunde chache, hakitokei kitu. Akichelewa sekunde chache, utando huwa na makovu. Kisha huuweka kwenye joto la nyuzi 100, na ndani ya dakika chache rangi yake huiva kuwa kahawia nzito kama kioo cheusi. Mtu anayepima spini kwenye utando mbaya hupima makovu ya utando.

Utah ndiko pia sumaku ilikoingia kwa nguvu zote. Mwaka 2015 kundi la Valy Vardeny lilitangaza kwamba mkondo wa umeme wa seli ya perovskaiti na nuru inayotolewa na utando wake hubadilika vikiwekwa ndani ya uga wa sumaku. Mabadiliko ni madogo. Kuyaelewa kunataka picha moja. Pia ya mtoto ikizunguka huku imeinama, ncha yake ya juu huchora duara polepole. Ndivyo spini inavyofanya ndani ya uga wa sumaku: huchora duara kuuzunguka mwelekeo wa uga, na kasi yake hutegemea nguvu ya uga na nambari moja ambayo wanafizikia huiita g. Nuru ikiiamsha elektroni, inaacha tundu nyuma yake, na viwili hivyo hukaa kama jozi kwa kitambo. Elektroni ina g yake na tundu lina g yake. Zikiwa tofauti, moja huchora duara lake haraka kuliko nyingine, na uhusiano kati ya mielekeo yao hubadilika kadiri muda unavyopita. Uhusiano huo ndio unaoamua kama jozi itaungana na kutoa nuru au itaachana na kuwa umeme.

Hesabu yake ni nyepesi na ina mafunzo. Tofauti ya g waliyoipata ilikuwa 0.65 hivi. Katika uga wa tesla 1, chini ya ule wa mashine nyingi za hospitali za kupiga picha kwa sumaku, tofauti hiyo inamaanisha elektroni na tundu hupishana kwa mizunguko bilioni 9 hivi kwa sekunde, yaani mpishano mmoja kamili kwa kila pikosekunde 110. Jozi zenyewe huishi muda mfupi, wa pikosekunde. Kwa hiyo uga dhaifu hauwezi kuzibadilisha kabla hazijavunjika. Ni lazima uga uwe na nguvu, na mkunjo wa grafu ya matokeo uwe mpana. Katika nusu vipitishi vya kikaboni, ambavyo watafiti walivizoea, militesla chache tu hutosha kuleta mabadiliko. Upana wa mkunjo wa perovskaiti ulikuwa tayari unasema kitu.

Mkunjo mmoja unaweza kuelezwa na nadharia tatu, na hapa ndipo ninapowavulia kofia watu wa Utah. Hawakutosheka na kuulinganisha mkunjo na fomula. Tofauti ya g waliitafuta kwa njia nyingine kabisa: waliiweka perovskaiti ndani ya uga na kupima ni kiasi gani nuru inayotoka imejisokota kulia au kushoto. Umri wa jozi waliupima kando, kwa mapigo mawili ya leza. Kisha ndipo walipouliza kama nambari hizo, zilizopatikana kwenye meza tofauti, zinauzaa ule mkunjo wa kwanza.

Mgeuko nao una sheria mbili katika kazi hiyo. Nguvu ya nuru inayotolewa haipaswi kujali uga umeelekea kaskazini au kusini: ukiigeuza sumaku, upande wa kushoto wa mchoro lazima ufanane na wa kulia kama uso na kioo. Msokoto wa nuru, kinyume chake, ni lazima ugeuke sumaku inapogeuka. Kipimo kimoja kinatakiwa kibaki vilevile, kingine kinatakiwa kigeuke, na vyote viwili hutoka kwenye kipande kilekile. Ikiwa nguvu ya nuru inaonyesha upande mmoja umeinuka, fundi hafurahii ugunduzi. Anajua kitu kimehama wakati akipima.

Katika perovskaiti, kitu huhama daima, na hilo ndilo linaloufanya ufundi huu uwe mgumu kuliko wa vitu vingine. Nuru haiamshi elektroni peke yake. Ioni za iodini, ambazo zingepaswa kukaa mahali pake kwenye kizimba, husogea zikimulikwa. Mwaka 2015 Eric Hoke, Michael McGehee na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba perovskaiti iliyochanganywa iodini na bromini hujitenga ikiwa chini ya mwanga, sehemu nyingine zikawa na iodini nyingi na nyingine bromini nyingi, kisha huchanganyika tena ikiachwa gizani. Chaji zikirundikana upande mmoja, utando hupata polaraizesheni ya aina nyingine, ya umeme, ambayo huchukua sekunde au dakika kujengeka na kupotea. Ndiyo maana seli ileile inaweza kutoa mkondo mmoja volti zinapopandishwa na mkondo mwingine zinaposhushwa.

Fikiria basi mtu anayetafuta badiliko dogo linaloletwa na sumaku, akiwa na kitu ambacho nuru yake ya kupimia inakibadilisha wakati huohuo. Akipandisha uga kwa dakika kadhaa kutoka sifuri hadi mwisho, mwendo wa ioni utajichora kwenye karatasi na kujifanya ni kazi ya sumaku. Kwa hiyo haendi moja kwa moja. Kwanza humulika utando na kungoja hadi nuru yake itulie. Kisha huenda sifuri, uga wa kulia, sifuri, uga wa kushoto, sifuri tena. Kila anaporudi kwenye sifuri hulinganisha na sifuri iliyopita. Zikitofautiana, pengo hilo ni la ioni, na huondolewa kwenye hesabu au siku nzima ya kipimo hutupwa. Hupunguza nguvu ya leza, akapoteza ishara lakini akapata utulivu. Huhamia doa jipya ambalo halijamulikwa. Huacha gizani, hurudia. Kipokezi cha nuru, ambacho sumaku inaweza kukivuruga, hukiweka mbali na kukiletea nuru kwa uzi wa kioo. Grafu moja inayochapishwa ina nyuma yake nyingi zilizokataliwa, na waliozikataa ni walewale waliotamani zikubalike. Kwangu huo ni uadilifu wa kazi, na unastahili heshima sawa na akili inayobuni nadharia.

Uangalifu huo umeanza kuzaa vitu vinavyoshikika. Mwaka 2021 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Nishati Jadidifu ya Marekani, pamoja na wenzao wa Utah, walitengeneza taa ndogo ya perovskaiti inayotoa nuru ya msokoto katika joto la kawaida la chumba, bila sumaku yoyote. Walitumia tabaka lenye molekuli za kaboni zilizopinda kama mkono wa kulia au wa kushoto, ambazo huchuja spini zinapopita. Msokoto uliopatikana ulikuwa asilimia 2.6 hivi, kiasi kidogo. Uthibitisho wake ulikuja kwa njia tunayoijua sasa: walipoweka molekuli za mkono wa pili, msokoto wa nuru nao uligeuka.

Lakini kazi inayonionyesha vizuri kuliko zote thamani ya subira hii haina kifaa cha kuuza. Mwaka 2022 kundi la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dortmund, Ujerumani, likishirikiana na Taasisi ya Ioffe ya St. Petersburg, Urusi, na waotesha fuwele wa vyuo vingine, lilichapisha thamani za g za elektroni na matundu katika perovskaiti nyingi za risasi, kuanzia zenye iodini nyingi, zinazomeza nuru nyekundu, hadi zenye klorini nyingi, zinazohitaji nuru ya urujuani. Kila fuwele ilioteshwa peke yake, ikapozwa, ikamulikwa na kugeuziwa sumaku. Nambari zilipopangwa kwa kufuata nishati ambayo kila fuwele huanza kumeza nuru, zilikaa kwenye mkunjo mmoja kwa elektroni na mkunjo mmoja kwa matundu, bila kujali molekuli gani ilikuwa ndani ya kizimba.

Mkunjo kama huo hauwezi kuonekana kama hata fundi mmoja kati yao ameridhika na jibu la upande mmoja. Nambari moja iliyochanganyika na mwendo wa ioni ingekaa nje ya mstari, na watu wangebuni nadharia ya kuieleza. Kwa kuwa kila mmoja aliuliza mara mbili, leo mtu anayepanga kuotesha perovskaiti mpya ya ukoo huu anaweza kupima tu ni rangi gani ya nuru inaanza kumezwa, akausoma mkunjo, na kukadiria spini zake zitazunguka kwa kasi gani ndani ya sumaku. Kisha, kama ilivyo desturi ya kazi hii, ataiweka fuwele yake kati ya ncha za sumaku na kuuliza mwenyewe, kulia na kushoto.